Si ujeuri: Kwa nini mtoto wa chekechea huambiwa ‘rudia nione’, naye akarudia

MWALIMU wa chekechea amkuta mtoto wa miaka mitano akimwaga sakafuni maji ya kunawia mikono. Kwa hasira amwambia, “Hebu rudia nione!” Mtoto achota kikombe cha pili, amwaga, kisha ainua uso kutazama iwapo mwalimu ameona.

Machoni pa mwalimu, huo ni ujeuri wa kupindukia. Machoni pa mtoto, ni utiifu mtupu. Ameagizwa arudie, amerudia. Ameambiwa mwalimu ataka kuona, naye amemwonyesha.

Kinachofuata chategemea mwalimu. Akicheka, kisa kitasimuliwa wakati wa chai katika chumba cha walimu na kusahaulika. Akikasirika, mtoto ataadhibiwa kwa kosa asilojua kuwa amelitenda, na atakachojifunza kutokana na adhabu hiyo hakitakuwa kile ambacho mwalimu alikusudia.

Visa vya namna hii ni vingi katika madarasa ya PP1, PP2 na gredi za kwanza, ambako watoto wa miaka minne hadi saba hukutana kwa mara ya kwanza na kengele, foleni, zamu na sauti ya mkubwa asiyekuwa mzazi wao. Makala haya yanaeleza ni kwa nini watoto hao huzielewa visivyo kauli na adhabu za shuleni, na hasara inayotokea wakubwa wasipolitambua jambo hilo.

Vitisho vya mafumbo

Kiswahili kimejaliwa utajiri mkubwa wa vitisho, na karibu vyote husemwa kwa mafumbo. “Utanijua mimi ni nani.” “Utakiona cha mtema kuni.” “Nitakuonyesha kilichomtoa kanga manyoya.” Mtu mzima akisikia kauli kama hizi hapimi maneno pekee. Husikiliza sauti, hutazama uso wa msemaji, hukumbuka yaliyotangulia, kisha hujua kwamba yampasa kunyamaza.

Mtoto mdogo hana mizani hiyo. Yeye husikia neno na kulichukua lilivyo. Aambiwapo “utanijua”, hujibu kwa unyenyekevu kwamba amjua tayari, ni ticha. Aahidiwapo kuonyeshwa kilichomtoa kanga manyoya, yamkini atauliza kama huyo kanga yuko shuleni.

Maswali ya balagha ndiyo yenye mitego mikubwa zaidi. Mwalimu auliza, “Nani amekuambia usimame?” akimaanisha “keti”. Mtoto afikiri kidogo, kisha ajibu kwa ukweli kwamba hakuna aliyemwambia. Mwalimu auliza, “Kwani huna masikio wewe?” Mtoto asema anayo, na pengine ayashika ili yaonekane. Kila jibu la kweli lahesabiwa kuwa ni kujibizana na mkubwa, na kosa la kwanza, ambalo lilikuwa dogo, lazaa la pili lililo zito.

Hata majina ya zana za adhabu humchanganya. Neno “kiboko” ni jina la mnyama kabla ya kuwa jina la fimbo. Lilihamia kwenye fimbo kwa sababu mijeledi ya zamani ilitengenezwa kwa ngozi ya mnyama huyo. “Mkwaju” ni mti uzaao ukwaju, tunda ambalo watoto hulifahamu kwa sharubati na kwa kufyonzwa. Ndiyo maana mtoto aliyezoea utamu huo anapoahidiwa kwamba “atakula mkwaju”, hana sababu ya kuogopa hadi siku atakapoonja wenyewe.

Adabu na adhabu

Kuna mkanganyiko mwingine uliojificha ndani ya maneno tunayoyatumia kila siku kuhusu malezi. Kiswahili kina maneno matatu yaliyokaribiana katika uwanja huu, yote yenye asili ya Kiarabu. “Adabu” ni mwenendo mwema na heshima. “Adhabu” ni mateso au maumivu apewayo mkosaji. “Nidhamu” ni utaratibu, mambo kuwa katika mpango wake.

Katika kamusi, maneno hayo yana mipaka iliyo bayana. Katika kinywa cha mkubwa aliyekasirika, mipaka hiyo hufutika. Twasema “nitakutia adabu” tukimaanisha tutapiga. Twasema mtoto “amefunzwa adabu” tukimaanisha amechapwa. Fauka ya hayo, baadhi ya wazungumzaji hutamka “dh” kama “d”, na hapo adabu na adhabu huwa neno moja masikioni mwa mtoto.

Matokeo yake si ya kisarufi tu. Mtoto anayesikia neno “adabu” kila mara pamoja na fimbo huamini kwamba adabu ndiyo fimbo yenyewe. Ukimuuliza adabu ni nini, hatakutajia salamu wala shukrani. Atakuambia ni kuchapwa. Neno ambalo lingemfunza namna ya kuishi na watu limekuwa kwake jina la maumivu. Naye mtoto wa namna hiyo, fimbo isipokuwapo, haoni sababu ya kuwa na adabu.

Akili na umri

Wataalamu wa makuzi ya watoto wamelitafiti suala hili kwa takriban karne moja. Aliyetangulia ni Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyeishi kati ya 1896 na 1980. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1932 kuhusu hukumu za kimaadili za mtoto, alieleza alivyokuwa akiwasimulia watoto hadithi fupi kisha kuwauliza ni nani aliyekosa zaidi.

Hadithi moja ilihusu watoto wawili. Wa kwanza alifungua mlango bila kujua kwamba nyuma yake kulikuwa na vikombe, akavunja 15. Wa pili alivunja kikombe kimoja tu alipokuwa akiparamia kabati ili adokoe jamu. Watoto wadogo waliohojiwa walielekea kusema kwamba wa kwanza ndiye mwenye hatia kubwa kwa sababu alivunja vingi. Wale waliokuwa wakubwa kidogo ndio waliotazama nia.

Hadithi nyingine ilimhusu mtoto aliyeiba matofaa, akakimbia na kupita juu ya daraja bovu, daraja likavunjika akatumbukia majini. Je, daraja lingevunjika kama hangeiba? Wengi wa watoto wadogo waliona kwamba lilivunjika kwa sababu ya wizi. Kwao, kosa na maumivu hufuatana kama mvua na matope. Palipo na maumivu, lazima palikuwa na kosa.

Mwaka 1983, watafiti Heinz Wimmer na Josef Perner walichapisha jaribio jingine ambalo hadi leo hurejelewa sana. Mtoto wa hadithini aweka chokoleti katika kabati moja na kuondoka. Nyuma yake, mama aihamishia kabati la pili. Mtoto akirudi, ataitafuta wapi? Watoto wa miaka mitatu kwa kawaida hutaja mahali chokoleti ilipo kweli. Kati ya miaka minne na sita ndipo wengi huanza kufahamu kwamba kichwani mwa mtu mwingine mna habari tofauti na zilizomo kichwani mwao.

Kejeli na vitisho vya mafumbo vyahitaji hatua iliyo mbele zaidi ya hiyo. Ni sharti msikilizaji ajue kwamba msemaji asema hili akitaka lile, na kwamba msemaji atarajia kueleweka hivyo. Uwezo huo hukua polepole katika miaka ya shule ya msingi. Mwalimu anayemwambia mtoto wa miaka mitano, “Haya, endelea tu kupiga kelele”, anamtaka afanye hesabu ya darasa ambalo bado hajalifikia.

Adhabu isiyotambulika

Si maneno pekee yanayopotea njiani. Adhabu yenyewe yaweza kupokewa kwa maana iliyo kinyume kabisa na ile iliyokusudiwa.

Chukua mfano wa agizo la “toka nje”. Kwa mwalimu, kumtoa mtoto darasani ni kumtenga na wenzake na kumnyima somo. Lakini nje ndiko kuliko na bembea, mchanga na upepo. Mtoto aliyechoshwa na kuandika herufi akitolewa nje mara mbili, mara ya tatu atafanya vilevile ili atolewe tena. Amejifunza kwamba kelele hufungua mlango.

Kinyume chake pia hutokea. Shule nyingi huwapa wakosaji kazi ya kufagia, kuokota taka au kunyunyizia maua maji. Siku ya pili, mtoto asiye na kosa lolote aambiwa kwamba ni zamu yake kufagia. Alia kwa uchungu, akiamini ameadhibiwa na hajui kwa nini. Mzazi naye hushangaa mwanawe akikataa kushika ufagio nyumbani, ilhali ni shule iliyomfunza kwamba ufagio ni aibu.

Kisha kuna suala la macho. Katika jamii nyingi za Kenya, mtoto anayekemewa na mkubwa hufunzwa kuinamisha uso, na kumkodolea mkubwa macho ni utovu wa heshima. Shuleni akutana na mwalimu anayefoka, “Niangalie ninapozungumza nawe!” Ainuapo macho, mwalimu wa darasa la pili amuuliza mbona amkazia macho. Mtoto huyo hana njia ya kuwa na adabu kwa wote wawili.

Mkanganyiko mkubwa zaidi pengine ni ule wa karo. Mwanafunzi ambaye wazazi wake hawajalipa huitwa jina mbele ya wenzake na kurudishwa nyumbani. Hii si adhabu kwake. Ni njia ya kumbana mzazi. Lakini mtoto wa miaka mitano hajui deni ni nini. Anachoona ni kwamba ameitwa, ametolewa mstarini na kufukuzwa. Kwa mantiki ile ile ya daraja bovu, atatafuta kosa lake mwenyewe, na asipoliona atajiona kuwa yeye ndiye kosa.

Kosa la kusema lugha ya mama

Historia ya shule zetu ina mfano mmoja ambao ni funzo kwa wote. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong’o, mwandishi aliyefariki Mei 2025, alisimulia katika kitabu chake cha Decolonising the Mind cha mwaka 1986 jinsi wanafunzi wa enzi zake walivyoadhibiwa kwa kusema Kikikuyu shuleni. Aliyenaswa alichapwa au kuvishwa shingoni kibao cha chuma chenye maandishi ya kumdhalilisha. Kifungo cha nguo kilipitishwa kutoka kwa mkosaji mmoja hadi mwingine, na jioni kila aliyekishika alimtaja aliyempa. Desturi ya aina hiyo, kwa kipande cha mti au cha plastiki, iliendelea katika shule nyingi kwa miongo kadhaa baada ya uhuru.

Waliobuni adhabu hiyo walidai kwamba walitaka watoto wajue Kiingereza. Mtoto hakuelewa hivyo. Alichoelewa ni kwamba lugha anayosemeshwa na mamaye ni hatia, na kwamba rafiki mwema ni yule anayemchongea mwenzake.

Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule yao. Pendekezo hilo lina uzito hata katika suala la nidhamu. Mtoto aliyefika shuleni juzi, akakemewa kwa Kiingereza ambacho hajakisikia nyumbani, hukisia kosa lake kwa kutazama mikono ya mwalimu. Akikisia vibaya, aambiwa ni kichwa ngumu.

Sheria yasemaje?

Kanuni za nidhamu ya shule za mwaka 1972 ziliruhusu kiboko nchini, lakini kwa masharti. Adhabu hiyo ilipaswa kutolewa baada ya uchunguzi kamili, isitolewe mbele ya wanafunzi wengine, na isizidi viboko sita. Yaani hata sheria iliyokubali fimbo ilitambua kwamba ni sharti kwanza ifahamike nini kilitendeka. Katika madarasa mengi, sharti hilo ndilo lililosahauliwa mapema zaidi.

Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001 kupitia tangazo la kisheria nambari 56. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 29, yamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na kifungu cha 53 chamlinda mtoto dhidi ya ukatili wa kila aina. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, katika sehemu ya 36, yakataza adhabu za kikatili na za kudhalilisha; anayeivunja aweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au yote mawili. Sheria ya Watoto ya 2022 ilichukua nafasi ile ya 2001.

Pamoja na hayo yote, fimbo haijatoweka shuleni, na wazazi wengi bado huiunga mkono kwa methali kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli. Ila mkunjaji samaki hutazama anakoelekeza mkunjo. Anayemchapa mtoto bila kujua mtoto ameelewa nini hukunja gizani.

Gharama ya kimya

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, kwamba watoto husahau. La hasha. Watoto husahau tukio, ila kanuni waliyoitoa ndani ya tukio hubaki.

Mtoto aliyeadhibiwa kwa kujibu swali la balagha hutoa kanuni kwamba mwalimu akiuliza, usijibu. Miaka miwili baadaye, mwalimu huyo huyo hulalamika kwamba wanafunzi hawashiriki somoni. Aliyefokewa kwa kuomba ruhusa ya kwenda msalani wakati usiofaa hutoa kanuni kwamba haja ni kosa. Hujizuia hadi ajikojolee, kisha huadhibiwa au kuchekwa kwa kujikojolea.

La kuogofya zaidi ni kanuni kwamba maumivu yatokayo kwa mkubwa daima huwa na haki. Mtoto mwenye imani hiyo, siku atakapokutana na mkubwa mwenye nia mbaya kweli, atadhani anaadhibiwa kwa kosa fulani, na hatamwambia mtu. Kimya cha namna hiyo ndicho kinga kubwa ya wanaowadhulumu watoto. Nambari 116, ambayo hupigwa bila malipo kutoa habari za watoto wanaodhulumiwa, haiwezi kumsaidia yule ambaye yeye na wazazi wake hawajui kwamba kuna la kuripoti.

Kusema bila fumbo

Hakuna anayedai kwamba watoto wadogo hawakosei au kwamba mwalimu mwenye watoto 60 darasani ana wakati wa kuhoji kila mmoja. Tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanzishwa mwaka 2003, madarasa mengi ya umma yamejaa kupita kiasi, na uchovu wa mwalimu ni wa kweli. Lakini hatua zinazohitajika hapa hazina gharama, na nyingine humpunguzia mwalimu kazi.

Ya kwanza ni kusema kinachotakiwa. “Maji yabaki ndani ya ndoo” ni kauli fupi kuliko kitisho chochote, nayo haina tafsiri ya pili. “Keti” hufanya kazi ambayo “nani amekuambia usimame?” haiwezi kuifanya.

Ya pili ni kumtaka mtoto aeleze kwa maneno yake alichosikia. Mwalimu akiuliza kwa upole, “Nimekwambia ufanye nini?” atajua mara moja kama amekaidiwa au hakueleweka. Tofauti kati ya mjeuri na asiyeelewa haionekani katika kitendo, kwa kuwa kitendo chaweza kuwa kimoja. Huonekana katika jibu.

Ya tatu ni kuifanya tokeo la kosa lifanane na kosa lenyewe, na lije papo hapo. Aliyemwaga maji apewe kitambaa afute. Aliyempokonya mwenzake penseli airudishe kwa mkono wake. Mtoto wa umri huo haoni uhusiano kati ya maji yaliyomwagika asubuhi na kunyimwa mchezo saa nane.

Ya nne yawahusu wazazi. Mtoto akisema amekemewa, wengi wetu huuliza, “Ulifanya nini?” Swali hilo tayari limemhukumu. Afadhali kumuuliza mwalimu alisema nini, na yeye alidhani mwalimu ataka nini. Mara nyingi ni katika jibu la swali hilo la pili ambapo mzazi hugundua palipopindika, na akaweza kumweleza mwalimu kwa heshima. Vilevile, mzazi anayemtisha mtoto kwamba atamsemea kwa mwalimu amgeuza mwalimu kuwa zimwi kabla mtoto hajafika darasani.

Wahenga walisema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Kwa watu wazima, huenda walikuwa sahihi. Lakini mtoto wa chekechea ndiye hasa asiyejua maana, na amepelekwa shuleni ili aambiwe.